Freni ya nyuma ya pikipiki: ufunguo gani wa kununua mbele ya kufungua gurudumu



Kiisha mafunzo juu ya kukausha mahindi, papa mmoja alinifuata inje ya depo na kuniambia: «Agronome, mambo ya mahindi tumesikia. Lakini ile piki yenye inapeleka mahindi ku soko, freni yake ya nyuma haishiki tena, na fundi iko mbali. Siye wenyewe hatuwezi kubadilisha garnitire hapa nyumbani?» Nilimujibu kwamba inawezekana. Akauliza tena: «Basi tununue vyombo gani?» Pale nilinyamaza kidogo. Kazi yenyewe si nguvu sana. Kijana mwenye amekwisha kuziba pine mara kumi anaweza kuijifunza kwa siku moja. Wengi wanaharibikiwa ku vyombo. Nilimuahidi kwamba nitamujibu mu gazeti hii, ili na wengine wasome.

Tuelewane kwanza juu ya freni yenyewe. Piki nyingi za koperative zetu, kama vile TVS, Boxer, ao ile Yamaha AG 100 ya miradi, ziko na freni ya tamburi ku gurudumu la nyuma. Tamburi ni ile ngoma ya chuma yenye iko katikati ya gurudumu. Ndani yake kuko garnitire mbili zenye zimekunjwa sawa mwezi mwembamba. Ukikanyaga pedali, fimbo ya chuma inavuta mukono mudogo wenye uko inje ya ngoma. Ule mukono unazungusha kame, ni kusema kachuma ka bapa kenye kako katikati ya ncha za garnitire. Kame inapanua garnitire, zinasugua ukuta wa ngoma, na gurudumu linapunguza mbio. Ukiacha pedali, resori mbili zinarudisha garnitire mahali pake.

Piki zingine, zaidi zile za bei ya juu, ziko na freni ya diski hata ku nyuma, na zile zinatumia plaketi. Leo sizizungumuzii. Lakini ukifika ku duka sema neno lenye kufaa, juu ukisema «plaketi» watakupa kitu chenye hakitaingia ku piki yako.

Je, ni garnitire kweli?

Si kila freni yenye haishiki inaomba garnitire mpya. Mara mingi fimbo imelegea tu. Ku mwisho wa fimbo, nyuma kabisa, kuko ekru ya kurekebisha yenye mutu anazungusha na vidole. Ikaze kidogo kidogo na ukanyage pedali. Vitabu vya piki nyingi ndogo vinaomba pedali ishuke milimetre 20 mpaka 30 mbele ya freni kuanza kushika. Kama umefika pale na freni inashika muzuri, kazi imeisha, rudi ku shamba.

Lakini kama ile ekru imefika ku mwisho wa fimbo na haina tena mahali pa kwenda, garnitire zimeisha. Piki nyingi ziko pia na mushale mudogo ku ule mukono wa freni, na alama ku kifuniko cha ngoma. Mwambie mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho: kama mushale unafika ku alama ao unaipita, badilisha. Angalia pia kona kati ya fimbo na mukono wakati pedali imekanyagwa. Inapashwa kuwa sawa kona ya daftari, digrii 90 hivi. Kama mukono umekwisha kupita pale, nguvu ya muguu wako inapotea bure, hata ukanyage namna gani.

Wamotari fulani wako na ujanja wao: wanatoa ule mukono, wanausogeza jino moja ku kame, na fimbo inapata tena nafasi ya kukazwa. Freni inashika wiki mbili tatu. Mimi ninakataza kabisa huo ujanja. Garnitire ikiwa nyembamba sana, kame inaweza kuzunguka mpaka kupita kipimo chake na kubaki imekwama, na gurudumu la nyuma linafungwa gafula. Ufikirie hiyo ku mtelemko wa Kabasha, pale barabara inashuka kutoka Kanyabayonga kuelekea Rwindi, na magunia mbili nyuma.

Ekru yenye nilifanya kuwa mviringo

Miaka fulani ya nyuma, mu koperative moja ya viazi na poro upande wa milima ya Lubero, ni mimi mwenyewe niliharibu kazi. Ilikuwa siku moja mbele ya soko. Mizigo ilikuwa tayari, piki ilikuwa inalia chuma kwa chuma, na mu sanduku la depo kulikuwa tu pensi moja na kle a molete, ile yenye mudomo wake unapanuliwa na kufungwa kwa kidole. Nikajisemea: hii ni muzuri, chombo kimoja kwa ekru zote. Nilivuta mara ya kwanza, ikateleza. Nikakaza mudomo, nikavuta kwa nguvu, ikateleza tena, na vidole vyangu vikagonga ku shene. Mara ya tano ekru ilikuwa mviringo sawa limau. Tuliita fundi wa ku barabara kubwa. Alifika kesho yake saa nane, akakata ekru kwa patasi, akse nayo ikaumia, na tukanunua akse mupya juu ya garnitire. Soko lilikuwa limekwisha. Poro za watu kumi na mbili zilianza kugeuka manjano mu depo. Hakuna mutu alinigombeza. Walisema tu «pole, agronome», na hiyo iliniuma kupita kugombezwa.

Juu gani iliteleza? Ekru iko na pande sita na kona sita. Kle a molete inashika pande mbili tu, na mudomo wake mumoja unachezacheza juu ni wa kusogezwa. Ukivuta kwa nguvu, mudomo unapanuka kidogo, unaacha pande na kupanda ku kona, na kona inakatika. Kle plate, yenye mudomo wazi, nayo inashika pande mbili, lakini haichezi sana. Inafaa kushikilia kitu ao kumalizia ekru yenye imekwisha kulegea. Ufunguo wa pete unazunguka ekru yote na kugawanya nguvu ku kona zote. Ule hauna njia ya kupanuka. Kama ekru ni nzee na imekula kutu, ufunguo wa pete njo wenye utaitoa, ao kle a pipe, ule ufunguo sawa bomba yenye imekunjwa kona.

Kwa ile mipete, angalia ndani. Zingine ziko na kona 12, zingine 6. Ile ya 12 ni rahisi kuingiza mahali pa kubana, lakini inashika ncha ya kona tu. Ile ya 6 inalala ku upande wa ekru. Ukiwa na ekru yenye kona zake zimeanza kuchoka, tafuta ya 6. Kle a pipe mara mingi iko na kona 6 ku upande mumoja, na inasaidia pale bomba la moshi linazuia ufunguo wa kawaida kuzunguka.

Kwa hiyo jibu langu kwa koperative yenye haina makuta mingi ni hili: nunueni kle mikste, ile yenye iko na pete ku upande mumoja na mudomo wazi ku upande mwingine, namba yake moja ku pande zote mbili. Pete ni ya kulegeza na kukaza, mudomo ni wa kuendea haraka.

Urefu nao uko na maana. Kila mutu mwenye amekwisha kungoa kisiki anajua kwamba muti mrefu unaongeza nguvu. Ekru ya akse ya nyuma inakazwa nguvu. Kila piki iko na kipimo chake mu kitabu, lakini tuchukue newton-metre 60 kama mufano. Kwa ufunguo wenye urefu wa santimetre 30, unasukuma ku mwisho wake kama uzito wa kilo 20, na umefika. Kwa ufunguo wa santimetre 15 unapashwa kusukuma kilo 40, na pale mutu anaanza kurukaruka juu ya ufunguo. Kle mikste ya 19 inakuwa kwa kawaida na santimetre 23 mpaka 25 hivi: inaomba kilo 25, na mama ao papa wa kazi ya jembe anaiweza bila shida. Kuingiza bomba ku mukono wa ufunguo ili uwe mrefu, mimi ninakubali wakati wa kulegeza tu. Wakati wa kukaza, bomba inafanya mutu asisikie tena nguvu yake, na anakata akse.

Namba ya ufunguo, na juu gani moja haitoshe

Namba yenye imeandikwa ku ufunguo, kama vile 17 ao 19, ni milimetre zenye ziko kati ya upande mumoja wa ekru na upande wenye unaangaliana nao. Haiko unene wa bulo. Hapa watu wengi wanadanganyika. Bulo ya milimetre 8 inaweza kuwa na ekru ya 12 ku mashine za Japani, na ya 13 ku mashine za Ulaya. Ukikopa ufunguo wa 13 wa fundi wa gari na kuutia ku ekru ya 12, unaingia, unaonekana muzuri, na unakula kona zote. Milimetre moja inatosha kuharibu.

Basi pima mbele ya kwenda ku duka. Sugua kwanza matope ku ekru na brosi ya chuma, na upime na piedi a kulise kama iko mu kijiji. Masomo za ufundi zinakuwa nayo. Kama haiko, chukua rula ya mutoto wa masomo, pima pande (hapana kona), andika ku karatasi. Kiisha, uombe motari mwenye piki ya namna moja na yako akuonyeshe ufunguo wake. Ku akse ya nyuma ya piki ndogo mara mingi utakuta 17 ao 19, lakini usinunue juu nimesema mimi. Pima yako.

Na angalia upande wa pili wa akse! Hapa njo watu wanarudia ku soko mara mbili. Ukizungusha ekru ku upande mumoja, akse yote inaweza kuzunguka nayo, na hakuna kitu kinalegea. Mutu mwingine anapashwa kushikilia kichwa cha akse ku upande wa pili na ufunguo wake. Kile kichwa si lazima kiwe na namba moja na ekru. Mara kinakuwa 17 na ekru 19, mara vyote sawa. Kwa hiyo mutahitaji funguo mbili kwa akse, hapana moja, na ingine ndogo ya tatu, kwa kawaida kati ya 12 na 14, kwa ule mukono wa kushikilia wenye nitauzungumuzia mbele kidogo.

Funguo tatu zenye kufaa. Ninajua kwamba ku soko wanauzisha masanduku ya plastiki yenye vyombo 40, inang'aa, na bei yake inaweza kuwa karibu sawa na zile funguo tatu. Mimi sipendi yale masanduku. Chuma yake ni laini, pete zinapanuka kiisha mara chache, na nusu ya vile vyombo hamutavigusa hata siku moja. Hata maandishi «Chrome Vanadium» isikudanganye, juu kila mutu anaweza kuiandika ku chuma. Namna yangu ya kupima ni hii: omba muuzaji ekru mupya ya namba ileile, ingiza pete juu yake, na uitikise. Inapashwa kushuka mpaka chini bila kulazimishwa, na isichezecheze. Kama inacheza ku ekru mupya, ku ekru nzee itateleza. Muuzaji akikataa upime, ende ku duka lingine.

Ni kweli kwamba garnitire zinabadilishwa mara chache. Lakini zilezile funguo za akse njo zenye munatumia kila mara munakaza shene, na shene ya piki yenye kubeba mizigo mu matope inaomba kukazwa mara mingi. Hazitalala mu sanduku.

Kwa resori, mikono yako inatosha

Mafundi wengine watakuambia ununue pensi ya pekee ya kutoa resori za freni. Kwa gari, ndiyo, inasaidia. Kwa piki ndogo, musiinunue. Wengine wanaingiza turnevisi ya bapa na kukungia resori kwa nguvu. Nimeona resori ikiruka na kugonga mutu ku uso, santimetre mbili chini ya jicho. Hiyo pia muache.

Namna ya kweli haiombi chombo. Kifuniko kikiisha kutoka mu ngoma, garnitire mbili zinabaki juu yake, zimefungwa na resori. Funga mikono na kitambaa kikavu, shika garnitire zote mbili ku pande za inje, na uzikunje kwenda juu pamoja, sawa mutu mwenye anafunga kitabu. Zinatoka ku kame na ku kifungo cha upande wa pili pamoja na resori zake, bila kupiga kelele. Kurudisha ni vilevile: tia resori ku garnitire mupya ukiwa umeziweka ku meza, zikunje sawa kitabu nusu wazi, weka ncha mahali pake, na usukume kwenda chini mpaka zilale. Angalia vidole. Mbele ya kutoa zile nzee, piga picha na telefone ao chora ku karatasi namna ndoano za resori zimeangalia. Hata fundi anasahau.

Vumbi yenye iko mu ngoma

Hii sehemu musiiruke. Ukifungua ngoma utakuta vumbi nyeusi. Kila mutu anataka kuipuliza na kinywa. Usifanye vile, na musitumie pompe ya hewa. Garnitire fulani, zaidi zile nzee ao zenye hatujui zimetoka wapi, zinaweza kuwa na amianti ndani yake. Vumbi ya amianti ikiingia mu mapafu haitoki tena, na ugonjwa wake, hata kansa ya mapafu, unaweza kuonekana kiisha miaka 20 ao zaidi. Kwa macho huwezi kujua kama iko ao haiko. Kwa hiyo chukua maji na sabuni mu kopo, lowesha kitambaa, panguza polepole, na kile kitambaa ukizike mbali na chanzo cha maji. Kazi ifanyike inje, watoto wakae mbali, na usifagie ile vumbi ikiwa kavu.

Kazi yenyewe

Simamisha piki mahali pa sawasawa, ku bekii ya katikati, na utie jiwe mbele ya gurudumu la mbele. Kama piki yako iko tu na bekii ya upande, tafuteni sanduku la mbao lenye nguvu la kutia chini ya injini, na mutu wa kushika usukani. Kama ekru ya akse imekula kutu, tangu mangaribi uipake mazutu kidogo na brosi ndogo, bila kuimwanga upande wa ngoma.

Toa ekru ya kurekebisha ya fimbo na vidole. Toa ule mukono wa kushikilia. Halafu ekru ya akse, watu wawili, kila mumoja na ufunguo wake. Mbele ya kusogeza shene, angalia alama zake ku pande zote mbili na uziandike; pande mbili zikirudi bila kulingana, gurudumu litaenda kona na litakula pine. Akse ikikataa kutoka, rudisha ekru mpaka isawazike na ncha ya akse, weka kipande cha mbao, na ugonge mbao na nyundo, hapana chuma juu ya chuma.

Gurudumu likiwa chini, pima. Garnitire za piki nyingi ndogo zinahesabiwa kuwa zimekwisha wakati unene wa ile sehemu ya kusugua unafika milimetre 2. Angalia pia ukuta wa ngoma: mara mingi ndani yake kumeandikwa kipimo cha mwisho cha upana, na neno MAX. Kama ngoma imepita pale, ao iko na ufa, garnitire mupya hazitasaidia, na pale mpeleke gurudumu kwa fundi. Kama garnitire zimelowa mafuta ao grisi, kuzioshe na esanse si dawa; zimekufa, na mutafute kwanza mafuta yametoka wapi.

Kame nayo iko na haki yake. Ipanguze, uone kama inazunguka bila kukwama, na uipake grisi kidogo sana, sawa ile yenye inabaki ku ncha ya kidole. Ikizidi, joto itaiyeyusha na kuimwanga ku garnitire. Wengi hawapake kabisa, na kiisha mvua za kwanza kame inakamata kutu, freni inashika lakini hairudi.

Sasa ule mukono wa kushikilia. Ni chuma chenye kinaunganisha kifuniko cha ngoma na mwili wa piki. Ukifunga freni, garnitire zinataka kuzunguka pamoja na gurudumu, na kifuniko nacho kinataka kuzunguka. Ule mukono tu njo unakizuia. Mutu akisahau kuurudisha, ao ekru yake ikianguka njiani, siku ya kwanza ya kufunga freni kwa nguvu kifuniko kinazunguka, kinakunja fimbo, na gurudumu linaweza kufungwa kabisa. Inaonekana kachuma kadogo kasiko na maana. Kwa mimi, ni yenyewe inapita zote. Ku piki nyingi, ekru yake iko na gupiye, ule waya wa kupita mu tundu ili isifunguke. Nunueni gupiye mupya pamoja na garnitire, ni ya bei ya chini sana, na ile ya zamani musiikunjue na kuirudisha mara ya tatu. Ku piki zingine hakuna mukono. Kuko kijiti cha chuma chenye kinaingia mu ufa wa kifuniko. Hakikisheni kimeingia.

Wakati wa kukaza ekru ya akse, mutu mumoja akanyage pedali na kuishikilia. Vile garnitire zinajipanga zenyewe katikati ya ngoma mbele ya kifuniko kukazwa. Mafundi wengi hawafanye hiyo, na kisha wanashangaa freni inaparaza upande mumoja. Rekebisha pedali kwa zile milimetre 20 mpaka 30, zungusha gurudumu na mukono: liende bila kushikwa. Angalia kama taa ya nyuma inawaka ukikanyaga.

Garnitire mupya hazigusi ukuta wa ngoma sehemu yote siku ya kwanza. Safari za kwanza ziwe bila mizigo, ku barabara ya sawasawa, na kufunga freni polepole. Kiisha siku chache mutarekebisha tena ile ekru ya vidole. Na ku mtelemko murefu musikae na muguu ku pedali wakati wote. Tieni vitesi ya kwanza ao ya pili, injini izuie piki, juu ngoma ikipata joto sana freni inapoteza nguvu hata garnitire zikiwa za leo.

Kwa papa wa depo

Nilirudi kupima piki yenu siku ya Tano. Ekru ya akse ni 19, kichwa cha upande wa pili ni 17, na mukono wa kushikilia ni 14. Nunueni kle mikste tatu za hizo namba, gupiye mbili, brosi ya chuma, na kopo ndogo ya grisi. Pensi mwiko nayo kwa ekru. Ni ya kunyoosha gupiye tu. Mama mweka-hazina atunze funguo mu sanduku lenye kufuli, na daftari ya kuandika nani amekopa, juu ufunguo wa 19 unapendwa na kila motari wa kijiji na haurudi wenyewe.

Ile kle a molete musiitupe. Inafaa ku robine ya tanki la maji.

Na mukienda kununua garnitire, mufungue gurudumu kwanza na mupeleke zile nzee ku mukono. Muuzaji ataweka nzee juu ya mupya: upana uwe moja, ule mukunjo uwe moja, na tundu la kifungo liwe moja. Upana wa ngoma wa milimetre 110 na ule wa 130 uko mu maduka yetu yote mawili, na ku macho garnitire zake zinafanana kama hauko nazo mbili pamoja.